Maji ya Mchicha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Shurooq alikuwa na kazi mbili: kumpa mama yake dawa na kupika mboga ya mchana. Mama yake, Bi Kholood, alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao madaktari huuita MS. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, hushambulia utando unaofunika mishipa hiyo. Vidole vya mama vilikuwa na ganzi na macho yaliona ukungu. Kwa hiyo alifungua kiganja tu, akameza alichowekewa.

Mchicha Shurooq aliupika kama alivyofundishwa na bibi yake. Aliukatakata, akauosha, akauchemsha, kisha akaukamua kwa mikono miwili hadi ukawa donge kavu, tayari kutiwa nazi. Maji ya kijani aliyamwaga mtaroni.

Jumamosi moja gari lenye kipaza sauti lilisimama sokoni Mapinga. Mwinyijuma, mjomba wa Dija, rafiki yake Shurooq, alikuwa akiuza vidonge vya vitamini.

"Vinafagia sumu! Vinaamsha mishipa iliyolala! Ila usichanganye na dawa za hospitali, vinagombana!"

Kabla yake watu wa hapo walishauziwa mafuta ya kunyoosha miguu, na kabla ya mafuta, unga wa kurudisha macho. Wauzaji wale hawakurudi kuulizwa.

"Shoga, chukua hili," Dija alimnong'oneza Shurooq, akimpa kopo la vidonge hivyo. "Mjomba kanipa. Mamako atacheza mdundiko!"

"Kweli?"

"Kwani mjomba wangu mwongo?"

Shurooq alitamani sana kumwona mama akitembea bila fimbo. Kuanzia kesho yake aliweka kidonge cha manjano kiganjani, na vile vyeupe vya hospitali akavificha ndani ya birika bovu. Alifanya hivyo wiki tatu. Mama hakujua.

Mguu haukupona. Ulizidi kuwa mzito. Siku ya kliniki mjini Bagamoyo, Daktari Tekla alimgonga Bi Kholood goti kwa kinyundo, akakunja uso.

"Dawa unameza kila siku?"

"Kila siku, daktari. Mwanangu huyu ndiye mkono wangu. Hajasahau hata mara moja."

"Basi imeshindwa kazi. Itabidi tuanze nyingine yenye nguvu zaidi. Ina madhara yake, lakini tufanyeje?" Akachukua kalamu.

Shurooq aliushika mkono wa daktari.

"Daktari, usiandike! Dawa haijashindwa. Mimi sikumpa." Akaeleza yote, kopo na birika.



"Nilifungua kiganja, Shurooq," mama alisema taratibu. "Sikuuliza, kwa sababu ni wewe."

"Nisamehe, mama." Machozi yakamtoka.

"Njoo hapa. Ungenyamaza, ningebadilishiwa dawa bila sababu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ugonjwa huu hupanda na kushuka, siwezi kusema sababu ni hiyo peke yake. Arudie dawa yake, tutampima tena. Vitamini si adui, mwili unazihitaji. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba zinaponya MS, na nyingine zikizidi hudhuru. Anayekwambia uache dawa ili ununue kopo lake, huyo hamwonei huruma mamako. Haya, nyumbani mnakula mboga gani?"

"Mchicha. Nauchemsha, naukamua."

"Na maji yake?"

"Namwaga mtaroni."

Daktari alicheka. "Vitamini kadhaa huyeyuka majini. Unazimwaga, halafu unakwenda kuzitafuta kwenye kopo! Osha kabla ya kukata, pika kwa maji kidogo, usikamue."

Shurooq alimrudishia Dija kopo lake. Baada ya miezi miwili mguu ulirudi kama zamani. Fimbo ilibaki, lakini dawa haikubadilishwa.

Asubuhi moja mama alifungua kiganja. Hakumeza.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Cha hospitali, mama. Cheupe."

"Na mchicha?"

"Sijaukamua."

Mama akameza, akanywa maji. "Sasa sikiliza. Upendo wako sina shaka nao. Lakini mgonjwa ana haki ya kujua kinachoingia kinywani mwake, hata kama anapewa na mtoto wake mwenyewe. Kesho nitauliza tena."

"Uliza, mama. Nitakujibu."