Ngoma Nyuma ya Pazia

Ijumaa, tarehe 14 Juni 2019. Jiji la Salvador, Brazili, liliamka na manyunyu na upepo wa bahari.

Katika soko la São Joaquim, Railton mpiga ngoma aligeuka na ngoma yake begani, akamsukuma dada mmoja. Gauni lake jeupe, vazi la heshima la kila Ijumaa mjini humo, likaingia tope.

"Wee kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani, mrembo. Nikufulie, au nikununulie bajia za akaraje?"

"Vyote viwili," alijibu Jucineide, akacheka bila kutaka.

Simu zikaanza.

"Umelala, mpenzi?" Railton aliuliza.

"Nilale wapi? Mabega mawe, meno nasaga mpaka kunakucha."

Jucineide alikuwa muuguzi wa idara ya dharura hospitalini. Wagonjwa wengine walikataa kuguswa na mikono yake myeusi, naye alimeza matusi akaendelea na kazi. Sasa hata Railton, aliyekwisha kumwambia anataka kumwoa, akimshika mkono, alishtuka. Aliogopa kwamba hataweza tena kukumbatiwa na mtu.

Kule mtaa wa Liberdade, Mama Valdelice aliwakusanya wanawake weusi kila Jumamosi watue machungu yaliyoganda mwilini. Walivuta pumzi ndefu, wakakanyaga sakafu, wakauacha mwili utetemeke mpaka utulie wenyewe. Jucineide alijiunga. Railton akaombwa kupiga ngoma, akae nyuma ya pazia.

Jumamosi moja Jucineide alianza kutetemeka: magoti, mabega, taya. Railton akachungulia. Yeye alilelewa katika nyumba ya ibada ya orisha, miungu ya asili ya Kiafrika inayopanda watu vichwani. Akachomoka nyuma ya pazia, akamfunga kitambaa kifuani kama alivyomwona mama yake akiwafunga waliopandwa na orisha.

"Orisha kamshukia! Msaidieni!"

"Niachie!" Jucineide alipiga kelele. "Ndiyo kwanza mwili wangu unafunguka, wewe unaufunga?"

"Mwanangu," alisema Mama Valdelice, "hapa hajashuka mtu. Huyu alikuwa anajirudia mwenyewe."

Jucineide hakupokea simu tena. Railton alipiga, akaacha. Akamwomba Mungu amfundishe kutulia. Kisha simu ikalia.

"Bado nimekasirika."

"Najua, mpenzi."

"Ila huyo mpiga ngoma mwingine anagonga kama anaponda karanga. Njoo."

Alipoingia, wanawake waliangua kicheko. "Shemeji, leo umekuja na kamba?"

Jucineide hakucheka. Alisimama katikati, mikono ikimtetemeka, wala hakuificha.

"Uliniambia unataka kunioa. Sema mbele yao utakavyoishi nami."

Railton akavua kofia.

"Mbele ya Mungu na mbele ya dada zako, Jucineide: nikiwa mumeo, ukitetemeka, nitakaa karibu. Ukilia, nitakaa karibu. Sitakushika mpaka uniite."