Chumvi Safi ya Mwalimu Tunu

Mtakasa, mashine ya Mwalimu Tunu ya kusafishia chumvi, ilimeza kilo nzima ya chumvi ya gengeni, ile ya kijivu yenye mchanga wa kukwaruza meno, ikaanza kazi mbele ya Kidato cha Pili. Maji yakaingia, chumvi ikayeyuka, na ukuta wa darasa ukageuka dirisha la kutazamia chembe. Chembe za hali mango zilikuwa zimesimama bega kwa bega kama waumini kwenye safu. Za kimiminika zilipitana kama watu wa soko la Ujiji, zinagusana lakini hazing'ang'aniani. Maji yalipochemka yakawa gesi, kila chembe ikashika njia yake, utadhani kengele ya kutoka imegongwa.

Ndipo ukapita ungo wa nuru. Hiyo ilikuwa miale iliyoijua kila chembe kwa sura yake, ikachambua kama mama anavyochambua mchele. Chini ikabaki chumvi nyeupe, inameta.

"Hii ndiyo safi," alisema Mwalimu Tunu. "Kwenye kemia, safi si kitu kilichooshwa. Ni kitu kimoja tu, hakina mwenzake."

"Kama nyumba ya mzee Kabwe kabla ya mke wa pili," ikasema sauti ya nyuma.

Darasa likacheka. Hadia, binti wa huyo mke wa pili, akainamia meza yake. Mwalimu Tunu aliuma mdomo ili naye asicheke, maana kisa hicho kilipikwa na kupakuliwa barazani kwake mwenyewe.

Nyumba ya Tunu haikuwahi kukosa watu. Waliingia kwa kahawa, wakatoka na umbea, na kila mmoja akaondoka na kifurushi cha chumvi ya Mtakasa. Mwaka wa tatu sasa mtaa ulikuwa hauli nyingine. Na kisa kilichonoga kuliko vyote kilikuwa cha Mwamvita, mke mkubwa wa Kabwe, mwimbaji ambaye bila yeye harusi haikuwa harusi. Shingo ilikuwa imemvimba, sauti imekauka. Baraza likahukumu: mke mdogo, Zaina, kamfunga koo. Kabwe naye, kwa kusikiliza watu, alikuwa amesema Ijumaa anamrudisha Zaina kwao. Tunu hakuwa wa kwanza kulisema hilo. Ila kila lilipopita mkononi mwake, alilitia chumvi kidogo.

Hadia akanyoosha mkono.

"Mwalimu, zahanati wamebandika picha. Wanasema chumvi yenye madini joto inazuia rovu, ule uvimbe wa shingoni. Sasa kama safi ni kitu kimoja tu, madini joto ya hii yameenda wapi?"

Tunu akaigeukia mashine.

"Mtakasa, mtungi wa mabaki una nini?"

"Mchanga, udongo na madini joto," ikajibu kwa adabu ya mkwe mgeni. "Uliniagiza nitoe kila kisichokuwa chumvi. Nimetoa."

Mkono wa Tunu ulikuwa tayari unapapasa shingo yake mwenyewe. Akakumbuka mitandio mitaani, siku hizi inavyofungwa kuficha shingo hata kwenye joto.

Kengele ilipogongwa, Hadia hakutoka.

"Kwa hiyo ya mama mkubwa si uchawi?"

"Daktari ndiye atakayepima. Lakini mimi naona ni rovu, mwanangu, na chumvi nimewagawia mimi."

"Basi uwaambie wewe, Mwalimu. Mimi nikisema, watasema namtetea mama."

Alasiri ile Tunu hakubeba vifurushi. Alipita kwa Kabwe, akamshika Zaina mkono, akamwambia, "Twende kwangu." Zaina akasema hana cha kufanya kule; wale ndio waliomla nyama. "Najua," akasema Tunu. "Sufuria ilikuwa yangu."

Baraza lilikuwa limejaa. Mwamvita alikuwa kwenye jamvi, mtandio hadi kidevuni, na Kabwe mlangoni na kikombe cha kahawa. Walipomwona Zaina, wakagusana viwiko.

"Mwalimu huyo, kaja na kisa," akasema Bi Tabu, mgeni wa kila siku pale barazani. "Tupe basi, na ukitie chumvi kinoge."

"Leo sitii, Bi Tabu. Chumvi ndiyo kisa chenyewe."

Akawaeleza yote, ungo, mabaki na agizo lake. Akasema pia kwamba ni yeye aliyekuwa akikitia chumvi kisa cha Zaina. Kabwe akaweka kikombe chini, asijue pa kutazama.

"Sauti itarudi?" akauliza Bi Tabu.

"Sijui," akasema Tunu. "Asubuhi naongozana na Mwamvita hospitali."

Mwamvita akatikisa midomo. Zamani angeimba huku, wakamsikia ng'ambo ya pili ya mtaa. Sasa nyumba nzima, nyumba ile isiyojua kunyamaza, ilibidi izuie pumzi ndipo imsikie.

"Zaina, mwenzangu," alisema. "Sogea huku, ukae."