Maneno ya Runji

Haya yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, na mengi niliyaona kwa macho yangu. Anayetaka kubisha na abishe, mimi sina nguvu ya mabishano siku hizi.

Mwaka wa 2015 Kawira alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea historia. Historia ni somo tamu mpaka ufike wakati wa kutafuta mafunzo ya kazini. Wenzake wa uhasibu walichukuliwa na benki. Wa kilimo wakaenda kwenye vyama vya kahawa. Yeye alitembeza barua ofisi hadi ofisi, na kila karani akamtazama na kumuuliza, "Historia? Sasa hapa utafanya nini?" Bila wiki nane za mafunzo na sahihi ya msimamizi, hakuna kuhitimu.

Mimi naitwa Nelius, nina duka la dawa za mifugo pale Karurumo. Mteja wangu mmoja, Mzee Njuki, alikuwa karani wa kumbukumbu katika ofisi ya ardhi, amebakisha miezi michache astaafu. Kila Jumamosi alikuja kununua dawa ya kupe, na kila Jumamosi nilimwimbia habari za Kawira mpaka akachoka. "Basi mlete hiyo mtoto wa historia," akasema. "Faili zangu ni historia tupu." Kwa hiyo ni mimi niliyemtafutia nafasi ile. Nafasi yenyewe niliisherehekea kwa soda mbili.

Kazi yake ilikuwa kupanga upya faili za kesi za mipaka, za miaka ile serikali ilipokuwa ikipima mashamba kule chini, upande wa Mbeere. Alipanguza vumbi, akasoma, akaandika muhtasari. Jioni alinisimulia kesi hizo tukichambua ndengu, nami nikamtania kwamba amekuwa hakimu wa marehemu. Alikuwa na furaha. Nataka hilo lijulikane, alikuwa na furaha kweli.

Wiki ya tano alipata faili ya mwaka wa 1974 isiyo na mwisho. Mbae alikuwa amemshtaki Runji kuhusu shamba. Wazee wakaamua waapishwe, kila mmoja apige jiwe mara saba na kusema maneno yake, na muongo aonekane. Mbae aliapa. Siku ya Runji ikafika, Runji hakufika. Ushahidi wake ulikuwemo, kurasa mbili. Baada ya hapo hakuna kitu.

"Faili kama hio wachana nayo," Mzee Njuki alimwambia.

Kawira hakuachana nayo. Mhadhiri wake alikuwa amesema ripoti nzuri inahitaji shahidi aliye hai, na Kawira alikuwa ameulizia na kuambiwa Mbae bado yuko. Akaniomba nimsindikize. Nilifunga duka siku ya Jumatano, tukapanda pikipiki, tukashuka kwenye joto.

Tulifika saa sita mchana. Nyumba ya Mbae ilikuwa kandokando ya shamba kubwa lisilolimwa. Majirani walikuwa wamepanda muguka, yale majani ya kutafuna, mpaka kwenye ukingo kabisa, halafu wakakoma, wala hapakuwa na ua. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, mkavu, macho yake angavu. Alikuwa amepita miaka tisini. Mbele yake palikuwa na jiwe la kijivu, na juu ya jiwe, fimbo.

"Mumetoka ofisi?" akauliza.

"Ndiyo, Guka," Kawira akasema. "Nimeleta faili yako."

Hakuuliza jambo lingine. Alitaka kujua kama maneno ya Runji yamo. Kawira akamwonyesha nakala. Mzee hakujua kusoma, lakini alipapasa karatasi ile kama mtu anayepapasa uso.

"Nisomee, mjukuu. Sijawahi kuyasikia."

Kawira akaniambia nirekodi kwa simu yangu, kwa sababu yake ilikuwa imeisha chaji. Nikarekodi. Akaanza kusoma, na mzee akamsimamisha. "Si hivyo. Shika fimbo. Kila neno na jiwe lake. Ndio uandike vile ilikuwa inafanywa."

Ningesema kitu. Nilikuwa na kiu, nilikuwa nafikiria duka. Kawira akachukua fimbo, akapiga jiwe, akasoma kwa sauti yake nzuri ya kanisani, "Mimi Runji." Mengine siyaandiki hapa. Mtaelewa kwa nini.

Alipiga mara saba. Upepo ulikuwa umekoma. Ng'ombe wa jirani wote walikuwa wamegeuka kututazama.

"Asante," Mbae akasema kwa sauti ya chini. "Sasa tumeapa wote. Nilikuwa nimechoka kungoja."

Alifariki siku ya tatu, amelala chali, anatabasamu. Asubuhi hiyo hiyo Kawira alikuwa akipiga mswaki nje, akatema. Nilisikia kitu kikigonga beseni. Ulikuwa mchanga. Ule mwepesi wa kijivu, wa mito mikavu ya kule chini. Huku kwetu udongo ni mwekundu.

Tuliambiana ni vumbi la safari.

Jumapili alishindwa kuimba. Jumatatu chai ilimrudi na mchanga. Nilimpeleka kwa daktari, akamulika koo, akasema ni tonsili, akatupa vidonge. Jumanne sauti ilikuwa ya kunong'ona. Jumatano nilimkuta amekaa kitandani, mdomo wazi, anauchota mchanga kwa kijiko cha chai, machozi yakimtoka. Hakuwa na homa. Hakuwa na maumivu. Mdomo tu, ulikuwa unajaa.

Nilienda kwa Mzee Njuki nikifoka. Nikajifungia naye ofisini kwake na kumwambia nisipopata ukweli sitoki. Alizima redio kwanza.

"Mwaka huo nilikuwa kijana," akasema. "Runji alitoa ushahidi, mimi nikaandika. Siku tatu kabla ya kiapo akakuja kwa dirisha hili. Akaniambia, futa, nilidanganya, shamba ni la Mbae. Nikamwambia karatasi ya serikali haifutwi. Akahama. Hatujamwona tena."

"Na hukusema?"

"Hakuna mtu aliniuliza."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli, nilitaka kumpiga mzee wa watu. Kawira alikuwa ameapa kwa uongo wa mtu mwingine, na aliyeapa naye alikuwa kaburini. Njuki akaniambia kiapo cha watu wawili hufunguliwa na wao wenyewe au damu yao. Mbae alikuwa amebakisha binti mmoja, Wambeti, aliyeolewa Muthara.

Nilimpata Wambeti siku iliyofuata, akianua mahindi uani. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Aliniambia Runji alipomfukuza baba yao kwenye shamba lile yeye alikuwa na miaka kumi, na wadogo zake wawili hawakufika mwaka uliofuata. Nilipiga magoti kwenye yale mahindi. Nilimwambia Kawira ni mtoto, kwamba alikuwa anatafuta sahihi tu ya chuo.

"Simama," akasema. "Nitakuja."

Ijumaa, saa sita mchana, tulisimama kwenye jiwe lile. Kawira nilimshika kwapani. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na kila alipokohoa mchanga ulimwagika kwenye kanga. Alijaribu kusema. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Mara ya tatu nikasikia, kwa shida, "Nilisema uongo. Shamba ni la Mbae."

Wambeti akapiga funda la maji. Akamnyunyizia kifuani kwa mdomo wake, taratibu. Akasema, "Wewe uliyeyasoma maneno ya Runji, nimekufungua. Mdomo wako ni wako." Tukachoma ile nakala juu ya jiwe.

Tulipofika barabarani Kawira aliniambia ana njaa. Kwa sauti yake. Nililia mpaka mwenye pikipiki akasimamisha kuuliza kama nimefiwa.

Jumatatu Mzee Njuki hakutoka kwenda kula. Saa saba wakavunja mlango. Alikuwa ameinamia meza, paji la uso juu ya faili, mdomo umejaa mchanga. Uliingia sana, waliomwosha walisema. Walichota, wakachota. Kurasa mbili za ushahidi wa Runji zilikuwa tupu. Mistari ipo, muhuri upo, namba za kurasa zipo. Wino hakuna.

Wambeti alikuwa amemfungua aliyesoma. Aliyeandika, hakuna aliyemkumbuka.

Msimamizi mwingine alitia sahihi, Kawira akarudi chuoni. Sikumweleza Njuki alivyopatikana. Nilimwambia ni presha.

Mwaka uliofuata akahitimu. Asubuhi ya sherehe nilikuwa nikifuta vitu vya zamani kwenye simu nipate nafasi ya picha, nikakuta sauti. Dakika tatu. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Niliibonyeza kabla sijafikiri, na nikamsikia mdogo wangu akipiga jiwe na kusema maneno yale yote, mahali pekee duniani yalipokuwa yamebaki.

Niliifuta. Nikaitupa simu chooni. Lakini nilikuwa nimeshasikiliza hadi mwisho, na maneno yalikuwa yamekaa kichwani, mstari kwa mstari, kama wimbo wa tangazo. Nikiwa napima chumvi ya ng'ombe, yanakuja. Nikiomba, yanakuja. Picha za siku ile zipo. Kawira ana joho na kofia, anacheka. Mimi nimefunga mdomo.

Nilienda Muthara. Wambeti alinipikia chai, akasikiliza yote, akatikisa kichwa polepole.

"Wewe hukuapa," akasema. "Hukunikosea kitu. Sasa nikufungulie nini?"

Kwangu mchanga unakuja kidogo kidogo. Asubuhi kijiko kimoja, mchana kingine. Wateja wanadhani nina mafua yasiyoisha, wananyoosha kidole kwenye dawa wanayotaka, nami nawaandikia bei kwenye karatasi. Mwezi huu sijatamka neno.

Kawira hajui. Akijua atateremka kule chini, atashika ile fimbo kwa ajili yangu. Namjua. Sasa anafundisha historia katika shule ya upili, na kila Jumapili hunipigia. Naweka simu sikioni, nagonga kaunta kwa kidole ajue nipo. Analaumu mtandao wa Karurumo.

"Dada, sema basi kitu," aliniambia jana. Kisha akacheka, akasema si neno, likizo inakaribia. Amenunua kinasa sauti kipya cha kazi, na mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza. Ataniketisha dukani siku nzima nimwambie yote ninayoyakumbuka, na yeye atayahifadhi.

Nilikata simu. Nikachukua kitambaa, nikapangusa mchanga kwenye kaunta kabla mteja hajaingia.