Nukta ya Kujaribu Wino

Chafya ya kwanza ilipigwa Jumatatu alasiri, mvua ikiwa ndiyo kwanza inaanza kugonga mabati, na Nyatichi akasema "pole" bila kufikiri, kama mtu yeyote mwenye adabu. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa peke yake nyumbani.

Nasema nyumbani, ingawa kilikuwa chumba kimoja tu katika kambi ya wafanyakazi wa majani chai karibu na Kimulot: kitanda, meza, jiko na kamba ya nguo. Mtu wa kupiga chafya humo ndani hana pa kujificha. Nyamusi, bintiye wa miaka minne, alikuwa akicheza kwa jirani. Nyatichi aliinama akatazama chini ya kitanda, akajicheka, akasema labda ni ukuta wa pili. Lakini ile ilikuwa chafya ndogo ya mtoto aliyepigwa na baridi, na ilikuwa imetokea karibu sana, hapo hapo kwenye kiwiko chake cha kushoto.

Siku iliyotangulia ilikuwa Jumapili. Siku sita za wiki Nyatichi alichuma majani, na Jumapili baada ya kanisa alichora watu tatuu. Mwaka huo wa 1996 kambi nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa kuchorwa. Vijana walitaka nanga, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona meli. Wapenzi walitaka majina ya watu ambao wangeachana nao hata kabla ya kidonda kupona. Nyatichi aliwacheka na kuwachora, lakini katika kazi hakuwa na mchezo. Sindano zake, tatu tatu zilizofungwa kwa uzi kwenye kijiti, zilichemshwa, na kila mtu alikuwa na zake, maana ule ugonjwa ulikuwa umeshaingia kambini. Na kila wino mpya aliujaribu kwanza kwenye ngozi yake mwenyewe. Alidunga nukta moja, akasubiri; ikivimba, wino ulimwagwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na nukta kumi na mbili zilizopangwa kama mbegu.

Jumapili hiyo alikuja Rodah, mke wa mkulima mdogo wa pale Kimulot, mwenye mimba ya miezi minane.

"Mama Nyamusi, sijawahi kuchorwa," alisema akikaa. "Inauma?"

"Kama siafu, si kama nyuki. Sikiza nikwambie mapema ndio usikuje kunilaumu. Tatuu ya picha naanza na mstari wa nje, halafu najaza ndani, halafu natia kivuli. Ya maandishi ni rahisi, ni mstari tu. Sindano ikiingia sana, wino inamwagika huko ndani na jina inakuwa doa. Ikikaa juu juu, inatoka na gamba. Gamba ikikuja usikwaruze. Paka mafuta kidogo, na usiloweshe mkono siku nne."

"Na ikishashika haitoki?"

"Unazikwa nayo."

Rodah alifumba macho kidogo. "Hiyo ndio nataka. Andika Kipchirchir."

Kimulot nzima ilimjua mtoto huyo. Alikuwa na miaka minne alipopotelea kwenye majani chai siku ya ukungu, mwaka uliopita, na mvua ya mawe ikanyesha. Walimtafuta na kumwita hadi giza likawarudisha majumbani. Alipatikana siku ya pili chini ya mimea, amejikunja, mikono imebana magoti.

"Tangu tumzike hakuna mtu ananiita Mama Kipchirchir," Rodah alisema. "Wananiita Rodah, kama msichana hajazaa."

Nyatichi hakupenda kuchora mjamzito. Lakini yeye pia ni mama, na huruma ikamshinda. Alifungua kopo lake la masizi ya koroboi, Rodah akamzuia. Alitoa kikopo chake mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na unga mweusi laini wa makaa ya mti wa senetwet, ule ambao Wakipsigis hupaka ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa yagande kuwa mursik.

"Tumia hii. Ni ya kibuyu yake. Alikuwa anaiba na kidole, analamba."

Kweli, juu ya unga ule kulikuwa bado na mfereji mwembamba, upana wa kidole cha mtoto. Nyatichi aliuona. Akakoroga.

Kisha akafanya kama alivyofanya siku zote. Alichovya sindano na kudunga nukta ya kumi na tatu kwenye mkono wake mwenyewe, akasubiri, ikakaa vizuri. Ndipo akashika mkono wa Rodah na kuandika jina lote kwa herufi kubwa, R zake zikiwa na mguu mrefu kupita kiasi, kama kawaida yake. Rodah hakutoa hata sauti.

Basi kesho yake ndiyo chafya.

Jumatano ilipigwa tena, safari hii shambani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi vikapuni, wachumaji hawaonani, na chafya ikatoka chini ya mimea, usawa wa goti. Nyatichi aliuliza nani ameleta mtoto kazini. Hakuna aliyejibu. Jioni alitazama mkono. Nukta kumi na mbili zilikuwa kavu kama zilivyokuwa miaka yote, lakini ile mpya ilikuwa mbichi, na ilinuka moshi na maziwa machachu. Ijumaa ilikuwa imeota mkia. Jumapili mkia ulikuwa umesimama ukawa K.

Hapo aliogopa, na hakuficha kwamba ameogopa. Alisugua kwa chumvi hadi damu ikatoka. Alidunga maziwa juu yake, dawa ya zamani ya kufuta tatuu. Alipaka maji ya betri, akalia kwa uchungu. Mwishowe akajaribu kuifunika, jinsi mchoraji anavyofunika jina la mpenzi wa zamani kwa mchoro mkubwa zaidi: alichora ua zito, akalijaza lote kwa masizi yake mwenyewe. Gamba lilipotoka liliondoka na ua zima, na chini yake herufi zilikuwa zimefika saba, nyeusi, zimenyooka, kwa mwandiko wake mwenyewe, R ikiwa na mguu mrefu.

Alifunga mkono kwa leso akaendelea na kazi. Angeendelea hivyo hadi leo, kwa maana mkono ni mkono tu, lau si Nyamusi.

Nyamusi alikuwa mtoto wake wa pekee, na hakuwa na mtu mwingine duniani. Mtoto huyo alikuwa akitema mursik kila jirani alipomwonjesha. Sasa alilia aipate. Alianza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Akiitwa, aliitika baada ya mara ya tatu, kisha ya tano, akigeuka polepole kama mtu anayeulizwa habari ya mtu mwingine. Na siku moja alasiri mvua ya mawe ilishuka kambini, mabati yakapiga kelele hata mtu asisikie sauti yake, na Nyatichi akamtafuta mtoto kitandani asimwone, mlangoni asimwone, nyuma ya nguo asimwone, akapiga magoti akatazama chini ya kitanda na kumkuta amejikunja mikono imebana magoti, midomo imekuwa ya samawati ingawa jiko lilikuwa linawaka hatua mbili kutoka pale, nywele zake zimelowa ingawa hakuwa ametoka nje, na katika nywele hizo, mbichi kabisa, kulikuwa na majani mawili na kichipukizi cha chai.

"Niliwasikia wakiniita," mtoto alinong'ona. "Mbona waliacha?"

Nyatichi alimvuta akamkumbatia. Mtoto alikuwa baridi kama chuma cha asubuhi.

Mchungaji aliletwa na waimbaji wake, wakaomba hadi sauti zikakauka, wakaliamuru jini litoke. Lakini jini gani? Aliyekuwa mle ndani alikuwa na miaka minne, na hakujua kwamba anaitwa jini. Walipoondoka, jirani aliyeitwa Tecla, bibi kizee wa Kikipsigis aliyezalisha nusu ya kambi, alibaki mlangoni. Alitaka kuona mkono. Nyatichi alifungua leso. Jina lilikuwa limekamilika.

"Hiyo makaa ulitoa wapi?" Tecla aliuliza kwa sauti ya chini, na alipoambiwa, akakaa chini sakafuni.

"Kogo, niambie tu," Nyatichi alimsihi, akimwita nyanya kwa lugha yake.

"Kwetu mtoto akizaliwa tunaita majina ya wazee wamekufa. Tunaita, tunaita. Ile jina mtoto atapiga chafya, huyo mzee ndio amerudi. Lakini tunaita watu wazima. Mtoto mdogo haitwi, anabaki huko nje. Rodah alijua hakuna mtu ataita yake. Akatafuta kumweka kwa ngozi, karibu na tumbo, ndio aingie kwa huyu atazaliwa."

"Si nilimwandika kwa Rodah!"

"Uliandika kwa nani kwanza?"

Nyatichi alitazama nukta zake. Miaka yote alikuwa akijisifu kwa uangalifu ule.

"Kuna njia moja," Tecla alisema. "Pakata mtoto yako, uite jina yake mpaka apige chafya. Akipiga, ni wako. Lakini usiache kuita. Huyo mwingine aliachwa mara moja, hataki kuachwa tena."

Walianza asubuhi iliyofuata. Nyatichi alimpakata mtoto mapajani, Tecla akamgusisha puani ugoro kidogo, kama wanavyofanya kwa watoto wachanga. "Nyamusi." Mtoto alimtazama tu. "Nyamusi. Nyamusi. Nyamusi." Aliita jina hilo kwa upole, kwa ukali, kwa kubembeleza, kwa wimbo aliomlalisha nao akinyonya. Ugoro uliwaliza machozi Tecla na Nyatichi wote wawili, na mtoto hakukunja hata pua. Saa sita ikapita, sauti ikawa ya kukwaruza, saa nane, ukungu ukaingia kwa mlango, na bado aliita, maana aliona akinyamaza kiasi cha kumeza mate tu atampoteza.

Ndipo mtu akabisha. Alikuwa Rodah, na kichanga mgongoni.

"Mama Nyamusi, tatuu yako imetoka yote," alisema, akinyoosha mkono. Ngozi ilikuwa safi kama haijawahi kuguswa na sindano. "Na huyu tulipomwita alikuwa nyanya ya baba yake. Kipchirchir hakukuja. Uliandika juu juu, ama ulifanya nini?"

Kisha macho yake yakaangukia mkono wa Nyatichi, ambao leso yake ilikuwa imeteleza. Alisoma herufi moja moja, midomo ikitikisika.

"Usiseme," Nyatichi alimsihi kwa sauti iliyobaki. "Nakuomba kwa Mungu, mama kwa mama, usiseme hiyo jina. Ni mmoja tu niko naye. Wewe umebeba mwingine hapo mgongoni."

Rodah alikuwa analia. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alimtazama mtoto mapajani, jinsi alivyoshika kitambaa kwa mkono wa kushoto, akasema polepole, mara moja tu, kama mtu anayejaribu mlango bila kutegemea utafunguka:

"Kipchirchir."

Mtoto akapiga chafya.

Aliteleza kutoka mapajani, akavuka chumba, akauficha uso wake kwenye sketi ya Rodah. Nyatichi alimwita. Hakugeuka.

Mtoto alimfuata Rodah hadi Kimulot. Watu wa kambi walimrudisha, bila shaka. Chifu alikuja, watu wakapiga kelele, mtoto akabebwa hadi kambini akilia. Alasiri hiyo hiyo alitoka akapita katikati ya majani chai, katika ukungu, akaelekea Kimulot peke yake. Walimrudisha tena, akatoka tena. Mara ya tatu mvua ya mawe ilimkuta njiani, na waliompata walisema pumzi ilikuwa imebaki kidogo sana. Nyatichi alikaa kando ya kitanda siku mbili akimsugua miguu. Alipopata nafuu, mama mwenyewe alimfunga mgongoni akampeleka kwa Rodah, ili angalau mwili ule uishi. Aliporudi kambini, mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki na nukta kumi na mbili tu.

Kikopo cha makaa alichoacha Rodah kilikuwa bado mezani. Aliandika NYAMUSI kwenye mkono huo kwa unga uliobaki, akaipaka mafuta, hakuikwaruza, hakuilowesha siku nne. Ilishika vizuri. Ni kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Tangu wakati huo, kila alasiri mvua inapoanza, anakaa kitandani na kuita. Kuta za kambi ni nyembamba, wote wanasikia. Wakati huo majirani huacha vyombo na kunyamaza. Hakuna anayechezea ugoro wala kukaanga pilipili, na mwenye mafua hutoka akasimama mvuani, mbali, pua ameibana kwa vidole viwili, asije akampa mama yule matumaini ya bure.