Kurasa Kumi na Moja za Binti Funguo

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mchoraji mkongwe wa kampuni moja ya vitabu vya katuni alifungua kabati lake la chuma, akavuta droo ya tatu, akakuta karatasi tatu badala ya kumi na nne. Akakaa sakafuni mzee wa watu, miaka sitini na minne, kofia mkononi. Mtia wino wake, mwanamke anayepita kwa wino juu ya mistari yake ya penseli, aliyefanya naye kazi meza kwa meza kwa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyepiga simu polisi.

Inspekta alifika saa tatu kasorobo. Alikuwa mama mnene, miwani yake ina kamba shingoni, amebakiza miezi minane astaafu, na hapendi kuharakishwa.

"Niwaambie mapema," alisema mlangoni. "Mimi sijawahi kusoma katuni hata moja. Mtanieleza kila kitu kama mtoto."

"Hata Kimbunga humjui, afande?" aliuliza mpaka rangi, anayezitia rangi kurasa zao, macho yamemtoka.

"Kimbunga nani?"

Kimbunga ndiye shujaa wa kampuni: anaruka angani, ananyanyua malori, yuko kwenye mabegi ya shule, kwenye mashuka, mpaka kwenye dawa ya meno. Amekufa mara sita, na mara zote sita wamemfufua. Mzee Penseli, ndivyo wote walivyomwita yule mchoraji, alimbuni miaka thelathini na moja iliyopita akiwa kijana mwenye mke mpya na njaa ya kazi. Alitia sahihi karatasi moja bila kuisoma. Tangu siku ile Kimbunga ni mali ya kampuni, na baba yake ni mwajiriwa tu.

"Na kwa nini hambuni wengine?" Inspekta aliuliza, akivuta kiti.

"Nani huyo mjinga?" Mzee Penseli alijibu kwa uchungu. "Unazaa, wanamchukua mtoto, wewe unabaki kumwosha na kumvisha. Miaka yote hii hajazaliwa shujaa mpya jengo hili. Si kwamba vichwa vimekauka, afande. Tunaficha."

Lakini mkurugenzi mpya alikuwa amekubali jambo lisilowahi kukubaliwa. Leo saa kumi alasiri angetia sahihi mkataba wa Binti Funguo, mwanamke ambaye kila kilichofungwa hufunguka akikigusa, na Binti Funguo angekuwa mali ya mbunifu wake. Masharti yalikuwa mawili: alete kurasa za asili za penseli, na aape kwamba yeye peke yake ndiye aliyembuni.

"Na zisipopatikana?"

"Basi narudi kumzika Kimbunga mara ya saba," alisema mzee. "Huyu ndiye wa mwisho niliyebakiwa naye. Sina mwingine."

Inspekta aliandika, kisha akazunguka chumba polepole. Meza tatu za kuchorea, zilizoinama. Ufunguo wa kabati unaning'inia kwenye msumari nyuma ya kalenda, na kila mtu anajua upo pale. Kwenye kiti cha mtia wino, mkoba wa ngozi ambao mkanda wake ulikatika zamani ukafungwa fundo. Mara ya mwisho kurasa zote kuonekana: jana, saa kumi na nusu alasiri.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mhariri.

"Huyo Binti Funguo nilimpinga, sikatai," alisema mhariri. "Wasomaji wanataka wanaowajua. Mpya hauziki. Lakini kuiba? Jana kuanzia saa kumi na nusu nilikuwa kiwandani kwa wachapaji, mashine imekwama, nimerudi nyumbani nanuka mafuta mpaka mke wangu akanihamishia sebuleni. Waulize."

Inspekta alipiga simu kiwandani. Msimamizi alithibitisha, tena akacheka sana kuhusu shati la mhariri.

Wa pili alikuwa mpaka rangi, ambaye jana mchana alimfokea Mzee Penseli mbele ya watu kwa kutomshirikisha kwenye kitabu kipya. Chini ya meza yake palikuwa na bahasha kubwa, na alipoona Inspekta anaitazama, aliisukuma ndani zaidi kwa mguu.

"Fungua."

"Afande, hiyo ni ya kwangu."

"Ndiyo maana nataka uifungue wewe."

Ndani mlikuwa na michoro ishirini ya mzee mfupi anayesikia mawazo ya samaki. Mpaka rangi aliinamisha kichwa kama aliyekutwa kavua nguo. "Ninaye miaka sita. Huwa ninalala naye nyumbani, ninakuja naye kazini. Tafadhali mhariri asimwone."

"Sijaona kitu," alisema Inspekta, akamrudishia bahasha. Alianza kuwaonea huruma watu hawa. Kila mmoja ana shujaa, na hakuna anayethubutu kumtoa.

Saa tano na robo alizipanga mezani zile karatasi tatu zilizoachwa. Ya kwanza, mji na mvua. Ya pili, adui akila. Ya tatu, geti kubwa limefungwa.

"Binti Funguo yuko wapi hapa?"

"Hayumo kwenye hizo," alisema Mzee Penseli.

"Na kwenye zile kumi na moja?"

"Yumo kwenye zote."

"Basi mwizi hakuchukua kitabu. Kamchukua mwanamke." Alikuna shingo. "Kuna nakala?"

Kulikuwa na moja, hafifu, ya mashine. Binti Funguo amesimama akitazama nyuma, shada la funguo kiunoni, mkoba begani. Inspekta alishusha miwani, akapandisha miwani.

"Huyu hakuanza jana. Nionyeshe michoro yako ya zamani," alisema.

Mzee alimletea vitabu vilivyochapishwa. "Hapana. Kurasa zenyewe, ulizozichora kwa mkono."

"Zile? Ziko stoo. Zikishapigwa picha hakuna anayezitazama tena."

Stoo ilijaa maboksi, kila boksi limeandikwa mwaka wake, vumbi limelala juu yake sawasawa. Juu ya boksi moja tu, la miaka tisa iliyopita, vumbi lilikuwa limefutika. Inspekta alilishusha yeye mwenyewe, akatoa ukurasa wa juu kabisa na kuusogeza dirishani. Kimbunga ananyanyua lori. Pembeni mwa ukurasa, nje ya mistari, palikuwa na mchoro mdogo wa rangi ya samawati hafifu.

"Hii nini?"

"Aa, hiyo bluu," mzee alijibu haraka. "Bluu tunachorea mistari ya kujaribia. Kamera haiioni, kwa hiyo haitoki kwenye kitabu. Hatuitazami, afande. Kwetu sisi bluu haipo."

"Mimi mgeni, mimi naiona. Hebu itazame."

Mzee Penseli aliinama. Mchoro ulikuwa wa mwanamke mdogo wa urefu wa kidole, anatazama nyuma, shada la funguo kiunoni, mkoba begani, mkanda una fundo. Inspekta akatoa ukurasa mwingine. Yumo. Mwingine, yumo, anafungua mlango. Chini kabisa ndani ya boksi kurasa zilibadilika: penseli nzito, safi, kumi na moja, hazina hata mkunjo.

"Mungu wangu," alisema mzee.

"Hazikuibwa," alisema Inspekta. "Zimerudishwa kwao."

Saa saba mchana wote walikuwa chumba cha kazi. Inspekta alilaza kurasa mbili sambamba, ile ya bluu na ile ya penseli, kisha akaenda kwenye kiti cha mtia wino na kuunyanyua ule mkoba kwa fundo lake.

"Mama, nani huwa anabaki na ukurasa mkononi mchoraji akishamaliza?"

"Mimi," alisema mtia wino. "Nikitia wino lazima nisubiri ukauke. Nikisubiri, mkono hautulii, nachora pembeni kwa penseli ya bluu. Nimemchora huyo miaka tisa. Jana jioni, kila mtu alipoondoka, nilichukua ufunguo nikamhamisha. Wala sikumtoa nje ya jengo."

"Na polisi umeita mwenyewe. Hilo limenisumbua asubuhi nzima."

"Hawa wa hapa wenyewe wangetafuta kwenye mabegi ya watu tu. Nilitaka aje mtu ambaye kazi yake ni kutazama."

Mzee Penseli alisimama, akakaa, akasimama tena. "Dada, naapa kwa makaburi ya wazazi wangu, nilijua nimemtoa kichwani mwangu. Alinijia tu, siku moja asubuhi, kamili, na fundo lake. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, kaka. Miaka tisa, kila ukurasa."

Mhariri alijifanya kukohoa. Mtia wino sasa alikuwa akilia, machozi ya hasira, wala hakuyafuta.

"Nimekaa na wewe ukimlilia Kimbunga. Nimekupikia chai ukimlilia. Kila mwaka unaniambia hakuna uchungu kama kuona mtoto wako ana jina la mtu mwingine. Halafu unaniletea ukurasa wa kwanza, unaniambia, dada, mwangalie binti yangu. Ningesema nini? Ningezichana, unajua ningeweza. Nikashindwa. Ulimchora vizuri mno."

Mzee wa watu alijifunika uso kwa kofia. Inspekta mengi aliyafahamu kuhusu wizi, lakini la namna hii hakuwahi kulikuta.

"Mlalamikaji ni wewe," alimwambia mzee. "Nifungue kesi?"

"Kesi ya nani, afande? Mwizi ni mimi."

Saa kumi kamili mkurugenzi aliweka mkataba mezani. Penye nafasi ya mbunifu palikuwa na mstari mmoja, na neno *pekee*. Mzee Penseli alilikata lile neno. Mhariri alitaka kusema kitu, mkurugenzi akamzuia kwa mkono. Kisha mzee akachukua penseli, maana mkono wake haujui kitu kingine, akaandika jina la mtia wino kwa herufi kubwa, na chini yake jina lake mwenyewe, dogo. Akausogeza mkataba upande wa pili wa meza, kama alivyosogeza kurasa miaka ishirini na miwili.

Mtia wino alichovya kalamu. Alipita juu ya jina lake herufi moja moja, bila haraka. La mzee hakuligusa.

"Na la kwangu, dada?" mzee aliuliza kwa sauti ya chini.

"Subiri. Hili halijakauka."

Walisubiri. Mkono wa mtia wino haukutulia. Alivuta karatasi tupu, akaokota penseli ya bluu, akaanza kuchora kitu kidogo pembeni, na Mzee Penseli akazunguka meza, akavaa miwani, akainama kutazama.

"Huyu nani?"

"Bado simjui," alisema mtia wino, akasogea kidogo ili mzee aone vizuri.