Kasuku Aliponyamaza

Nyumbani kwa fundi baiskeli, msemaji mkubwa alikuwa mkewe. Alisema tangu anapoamka hadi anapolala, wala hakutoa sauti. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alizungumza kwa mikono. Alisengenya kwa mikono, akagombeza kwa mikono, akatania kwa mikono iliyojaa povu la sabuni. Majirani walimwita Kasuku, naye akalipenda jina hilo.

Mumewe alikuwa na jina alilopewa na Kasuku. Kasuku alinyoosha vidole viwili vya shahada, akavizungusha kama pedeli. Huyo ndiye fundi. Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo.

Kisha Kasuku akaanza kupunguza maneno. Asubuhi vidole vilikuwa vigumu, vimevimba, vina joto. Akaficha. Akisemeshwa, alitikisa kichwa tu.

"Mama yako amenuna," fundi alimwambia binti yake.

"Umemkosea nini, baba?"

"Mimi? Tangu lini mimi nikakosea?"

"Basi umekosea."

Fundi naye akanuna. Nyumba ikawa na watu wawili walionuna, kila mmoja akimngoja mwenzake. Siku moja sufuria ikamponyoka Kasuku. Binti akamshika mikono ili amsaidie, na mama akapiga yowe. Ndipo walipojua. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa anaumwa, na kwake yeye kuumwa mikono ni kuumwa ulimi.

Hospitalini daktari akasema ni baridi yabisi. Akampa vidonge. "Msitarajie nafuu kesho," alionya. "Vinafanya kazi taratibu."

Fundi alirudi kwenye karakana yake na moyo mzito. Hapo ndipo alipomkuta mchuuzi mwenye begi.

"Haya ni maji ya seli shina, fundi," mchuuzi alisema. "Zile seli zinazozaa seli nyingine. Matone chini ya ulimi tu, na vidole vitarudi vya kigoli. Ila aache vidonge, dawa zisije zikagombana."

Fundi aliamini. Alimpenda mkewe, na mapenzi hayana subira. Vidonge vikasukumwa nyuma ya kabati.

Miezi ikapita. Vidole vya Kasuku vikaanza kupinda, vyote vikilalia upande wa kidole cha mwisho. Meza ya chakula ikawa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Siku hizo akaja dada yake fundi, muuguzi wa kliniki ya viungo katika mji mwingine. Alijua lugha ya alama, na utani wa mawifi aliujua zaidi.

"Wifi! Kaka yangu amekumalizia maneno yote?"

Kasuku alitabasamu, akainua mikono ajibu. Wifi alipoiona, utani ukamkauka.

"Vidonge viko wapi?"

Fundi alileta chupa ya mchuuzi. "Nilimpa kitu bora. Seli shina! Hii ni sayansi, dada."

"Seli shina ni sayansi, sikatai. Mimi nauliza habari ya chupa hii."

Aliketi mbele ya Kasuku. Akasema kwa mdomo na kwa mikono pamoja, ili wote waelewe.

"Mwili una askari wake. Kazi yao ni kupigana na vijidudu. Kwako wewe wamekosea adui, wanashambulia viungo vyako mwenyewe. Ndiyo maana panavimba, panapata joto, panauma. Vita vikiendelea, mfupa unaliwa."

Kasuku aliielekezea kidevu ile chupa.

"Naam. Watafiti wamezikuza seli shina maabara, wakaona jambo la ajabu. Hutoa majimaji yenye viini vidogo sana. Viini hivyo vikiwafikia askari, huweza kuwapunguzia hasira. Wengine huacha kubomoa, wakaanza kukarabati."

Kasuku alikunja uso. Akauliza polepole, kila alama ikimuuma: "Zinaongea bila mdomo?"

"Bila mdomo, bila sauti. Kama wewe."

Kasuku akacheka. Lilikuwa cheko la kwanza kwa muda mrefu, na binti akageuka ukutani kufuta machozi.

"Sasa mbona hayakumsaidia?" fundi aliuliza.

"Nani anajua kilichomo humu? Huenda ni maji ya bomba. Na hata majimaji ya kweli, watafiti bado wanayapima. Yanamfaa nani? Kiasi gani? Yana madhara gani? Maana seli hizi husema kulingana na mahali zilipo. Pengine hutuliza, pengine huchochea. Kwa ugonjwa huu bado si dawa iliyothibitishwa. Vidonge vimethibitishwa kuwatuliza askari hao. Usiviache bila daktari kukwambia."

"Akivirudia, vidole vitanyooka?"

Wifi alivitazama vidole vya Kasuku. Alitikisa kichwa tu.

Fundi akatoka nje. Alilizungusha gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, akalitazama mpaka likasimama lenyewe.

Kesho yake walirudi hospitalini. Daktari akampima damu, akamwanzishia tena matibabu. Safari hii hawakuruka dozi, wala tarehe ya kupimwa. Taratibu joto likatoka kwenye viungo. Uvimbe ukapungua. Kasuku akaweza kulala, akaweza kushika kikombe kwa viganja viwili. Lakini vilivyopinda vilibaki vimepinda, na alama nyingi zilipotea navyo.

Mchuuzi hakukawia kurudi karakana.

"Fundi, nimeleta nyingine. Hii ni kali kuliko ile!"

"Nilikuwa na mke msemaji," fundi alisema, bila kupandisha sauti. "Nikamnyamazisha kwa chupa yako. Ondoka, na usipite kwa jirani yangu, maana nitakutangulia kumwambia."

Mchuuzi alipogeuka, Kasuku alikuwa amesimama mlangoni. Alitaka kumwita mumewe. Alijaribu kunyoosha vidole vya shahada, vikagoma. Akatazama chini kidogo. Kisha akakunja ngumi mbili, akazizungusha moja juu ya nyingine, nzito, kama pedeli zilizopata kutu.

Fundi aliweka spana chini. Vidole vyake vilikuwa vizima, vingeweza kusema lolote. Akavikunja, akamjibu kwa ngumi.

Tangu siku hiyo, katika nyumba ile, anayetaka kusema na Kasuku hukunja ngumi kwanza.