Mshale wa Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, msichana mmoja wa darasa la sita alisimama mlangoni akiwahesabu wenzake kwa kidole. Alikuwa kiranja wa darasa, na kila mtu alimwita Kiranja, hata mama yake alipotaka kumtania. Alijua nani amechelewa, nani anaumwa na nani ameacha ufagio uani. Yote hayo aliyaweka kichwani. Mwalimu alipomshauri aandike, alicheka tu na kusema, "Nitakumbuka, mwalimu."

Mara nyingi alikumbuka kweli. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa na wasiwasi siku mwalimu alipogawa fomu za kupima macho. Wapimaji wangefika Jumatatu, na kila mtoto alitakiwa aje na fomu yenye saini ya mzazi. Siku hiyo rafiki yake mkubwa hakuwepo, alikuwa amelala nyumbani na mafua. Huyo walimwita Pacha, kwa sababu yeye na Kiranja walizaliwa wiki moja, na tangu chekechea hawakuachana.

"Hii ya Pacha mpelekee leo hii," mwalimu alisema. "Yeye ndiye anayeihitaji kuliko wote."

Ilikuwa kweli. Pacha alikaa dawati la mbele kabisa, na bado alikunja uso akiutazama ubao, kisha akanakili kutoka kwa jirani yake.

Kiranja aliitia fomu ndani ya kitabu cha hisabati. Jioni alitumwa dukani na mama, kisha akafua sare, kisha wenzake wakamwita kuruka kamba. Fomu ikalala kitabuni siku hiyo, na siku zilizofuata.

Jumatatu watoto walipanga foleni nje ya ofisi. Zamu ya Pacha ilipofika, mpimaji alinyoosha mkono. "Fomu yako, mwanangu?"

"Fomu gani?" Pacha aliuliza.

"Bila saini ya mzazi siwezi kukupima. Samahani."

Mwalimu alisogea. "Pacha, fomu uliletewa nyumbani. Umeipoteza?"

Kiranja alikuwa hatua mbili tu nyuma yao. Masikio yalimwaka moto. Maneno machache yangetosha kumaliza jambo lile, lakini aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Labda baba aliipokea akaiweka mahali," Pacha alisema kwa sauti ndogo. "Huwa anasahau."

Jioni ile Pacha alimnunia baba yake. Na baba, ambaye hakuwahi kuona fomu yoyote, alipekua nyumba nzima akiitafuta.

Kesho yake Kiranja hakwenda kucheza. Alipitia karakana ya mjomba wake, fundi wa friji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea kama shati lisilopigwa pasi?"

"Nimesahau kitu cha mtu," alisema, na hapo akaishia.

Kabla mjomba hajauliza zaidi, mteja aliingia kuulizia friji yake. Mjomba alichomoa mfukoni kijidaftari kilichokunjika pembe, akafunua ukurasa. "Ulisema mlango haufungi vizuri na taa ya ndani haiwaki. Mpira wa mlango nimebadilisha. Taa bado. Njoo kesho mchana." Mteja akaondoka ameridhika.

"Mjomba, unayakumbukaje yote hayo?"

"Siyakumbuki. Nimeyaandika. Kichwa changu nimekiachia kazi ya kufikiri. Kikibebeshwa skrubu za friji sita, kitapata wapi nafasi ya kujua ya saba inaumwa nini?"

Akamwonyesha. Kila kazi ilianza kwa nukta. Ikiisha, aliweka alama ya vema. Isipoisha, alichora mshale na kuiandika tena kwenye ukurasa wa kesho.

"Lakini angalia," alisema. "Ukichora mshale mara tatu kwa jambo lile lile, simama. Ama jambo hilo halina maana, ulifute. Ama unaliogopa."

Kiranja alinunua daftari la bei ya chini kabisa dukani, lenye karatasi nyembamba hivi kwamba wino ulionekana upande wa pili. Jioni hiyo aliandika: hesabu za Jumatano, kurudisha kitabu maktaba, kufua soksi, kumwambia Pacha.

Daftari lilimfaa upesi. Kitabu kilirudi kwa wakati. Soksi zilikauka. Alijua jaribio la Ijumaa linahusu nini wakati wenzake bado wanaulizana. Jambo moja tu lilikataa vema. Jumatano lilipata mshale, Alhamisi mshale. Ijumaa asubuhi, akiwa na kalamu mkononi tayari kuchora wa tatu, mkono ulisita. Hakuweza tena kujidanganya kwamba amesahau. Lilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Wakati wa mapumziko alimkuta Pacha kwenye bomba la maji.

"Baba yako hana kosa," alisema. "Fomu ilikuwa kwenye kitabu changu cha hisabati. Nilikuwa nyuma yako mwalimu alipouliza, nikanyamaza."

Pacha alifunga bomba.

"Ametafuta hadi chini ya godoro," alisema. "Nimemnunia siku nne."

"Najua. Nisamehe."

"Twende kwanza ukamwambie yeye."

Baada ya masomo walimkuta baba akipaka rangi geti. Alisikiliza mpaka mwisho, brashi ikidondosha matone chini. "Afadhali," alisema. "Nilishaanza kudhani uzee umeniingia." Pacha akamshika mkono wenye rangi bila kujali sare yake.

Waliporudi shuleni, mwalimu alikuwa bado ofisini. Yeye hakutania. "Kusahau ningekusamehe palepale," alimwambia Kiranja. "Kunyamaza mwenzako akisingiziwa ndiko kulikoniumiza." Kisha akapiga simu. Wapimaji wangekuwa shule ya ng'ambo ya daraja Jumanne, mpaka saa sita. Ilitakiwa fomu yenye saini na barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri.

Kiranja aliandika nukta mbili. Fomu baba yake Pacha aliitia saini jioni ile ile. Jumatatu alikwenda ofisi ya mwalimu mkuu mara mbili akaambiwa yuko kikaoni. Mara ya tatu alipata muhuri. Jumanne, mpimaji alipoanza kuuliza kuhusu barua, tayari ilikuwa mezani.

Baada ya wiki mbili Pacha alivaa miwani. Alihamia dawati la nyuma, akanyoosha mkono. "Mwalimu, tarehe ya ubaoni ni ya jana."

Darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka, akafuta na kuandika upya.

"Mnaona, hata mimi husahau," alisema. "Kwa hiyo kila mmoja atafute daftari, hata likiwa la karatasi zilizobaki. Andika unalopaswa kufanya, kisha ulifanye. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

Akamgeukia Kiranja. "Njoo mbele. Waonyeshe wenzako unavyoanza ukurasa."

Kiranja alichukua chaki, akaweka nukta ya kwanza ubaoni.